Nakijwa Aliyesugua Mawe ya Bwawa

Sogeeni.

— Tumesogea!

Sogeeni tena, sina sauti ya kuwarushia watu wa mbali.

— Tumefika!

Basi tulieni, msinikatize. Mkinikatiza nakasirika, na nikikasirika nasahau. Haya yalitokea enzi ambazo milima ilikuwa bado laini, mtu akikanyaga jiwe anaacha unyayo wake. Babu yangu aliposimuliwa alikuwa mdogo kuliko huyo anayechezea vidole vya miguu. Ndiyo, wewe. Acha.

Enzi hizo, huko juu milimani Upareni, aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Mkali! Alikuwa na ulimi unaoweza kumenya ndizi. Lakini hakujua kusema uongo, na vyombo vyake vilikuwa safi kuliko vya nyumba yoyote. Aliosha vibuyu kwa majivu. Aliosha vyungu kwa majivu. Mume wake Senzighe alikuwa akisema, "Nikilala mchana nakunja miguu, huyu asije akaisugua."

Nyumbani humo alikuwamo pia mama yake Senzighe. Jina lake Nambua, lakini watu wa mlimani walimwita Bibi wa Ziwani, kwa sababu aliolewa kutoka kule bondeni, kwenye ziwa, mwendo wa siku moja na nusu. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wa Nakijwa ulipo. Nakijwa alipoletwa hapo akiwa bibi harusi, ndugu wote wa mume walisema, "Huyu na mdomo huu arudishwe kwao." Bibi wa Ziwani peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni. Mimi nampenda mtu anayegomba mbele ya uso wangu." Nakijwa hakulisahau neno hilo siku zote za maisha yake.

Basi Bibi akafiwa na mume. Meno yakaisha. Akageukia ukutani, akaacha kula. Ukimletea makande, anasukuma. Ukimletea uji, anaramba mara mbili, anasukuma.

"Mama, kula," anasema Nakijwa.

"Koo langu limechoka na vitu vya udongo, mwanangu. Linataka samaki."

Senzighe akashuka ziwani, akarudi na samaki. Njiani wakaoza. Akashuka tena, safari hii akawabeba wazima ndani ya mtungi wenye maji na majani ya ziwani, perege wanane. Nakijwa akampika mmoja. Bibi akala! Akaketi, akacheka, akamsema Senzighe kwamba anatembea kama bata. Lakini samaki mmoja ni siku moja. Waliobaki wakafa mtungini, na Bibi akarudi ukutani.

Habari zikafika ziwani kwa kaka yake Bibi. Akatuma neno: "Mwezi mpya wa pili ukionekana na dada yangu bado hali, naleta wanaume wanne na machela. Aje afie kwao."

Nakijwa aliposikia hivyo alitupa mwiko. Machela, siku moja na nusu, mteremko ule, mifupa ile! Alijua Bibi hatafika hata nusu ya njia.

"Mwezi huo wa pili ni lini?" akamwuliza mumewe.

"Huu uliopo umebaki siku kumi, halafu mwingine mzima. Tuna siku arobaini mbele yetu."

"Zinatosha. Nitaleta ziwa hapa uani."

Na akalileta kweli, kwa vitu ambavyo wengine walivitupa. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, refu kama mtu aliyelala, kina chake hadi kiunoni. Akabeba udongo wa kichuguu, akautandaza humo, akaumwagia maji. Udongo huo usipokanyagwa hauzuii maji, na miguu ya watu wawili haitoshi. Akaenda kwa jirani yake wa chini, Mzee Kadeghe, mwenye mbuzi ishirini.

"Niazime mbuzi wako wanikanyagie shimo."

"Mbuzi wangu wakakanyage shimo?" Kadeghe akacheka hadi akashika mbavu. "Na jogoo je, humtaki akupigie ngoma? Haya, wachukue."

Mbuzi wakakanyaga asubuhi hadi jua la utosi, na shimo likawa gumu kama chungu.

Halafu akaomba mitungi mibovu kila nyumba, ile iliyotoboka matako. Akajenga kichanja cha miti kando ya bwawa, akapanga mitungi mitatu, mmoja juu ya mwingine. Wa juu akautia nyuzi za mgomba. Wa katikati akautia mawe madogo ya mtoni. Wa chini akautia mchanga na makaa ya jikoni. Kazi ikawa hii: unachota maji ya bwawa kwa kibuyu, unamimina mtungi wa juu, yanateremka, yanachujika, yanadondoka tena bwawani yamepungua uchafu. Chota, mimina. Chota, mimina. Asubuhi yeye, jioni Senzighe.

Maji yenyewe aliyapata kwenye ndiva. Ndiva ni lile bwawa la wote, lililokuwa juu ya kijiji, na kila nyumba ilipewa zamu yake ya mfereji, kila siku ya tano. Nakijwa alijaza bwawa lake kwa zamu yake, na yaliyofurika akayaelekeza kwenye magimbi ya Kadeghe, maana mfereji uliendelea kwake. Hakuna aliyeibiwa hata tone.

Senzighe akaleta perege wanane. Mmoja akapikwa, Bibi akaketi. Saba wakaingia bwawani.

Siku ya tatu Nakijwa akachungulia mtungini, akaona yale mawe yameota ute wa kijani, yanateleza. "Uchafu nyumbani kwangu!" Akachemsha maji, akatia majivu, akasugua. Akasugua, akasugua, akasugua, mawe yakang'aa kama mayai. Akayarudisha mtungini. Siku ya nne samaki wakapandisha midomo juu, wanahema kama watu waliokimbizwa. Siku ya tano wote saba walikuwa matumbo juu.

Senzighe akashuka tena. Perege wanane. Mmoja akapikwa, saba wakaingia bwawani. Nakijwa akasugua mawe, safari hii kwa bidii zaidi. Saba wakafa.

Mnacheka? Ngojeni. Hata nyinyi msingejua.

Bibi alipoletewa habari, akasema polepole, "Nakijwa, usinipikie tena samaki wa siku moja. Unaniamsha, halafu unanilaza. Inauma kuliko njaa."

Nakijwa akatoka nje akalia nyuma ya kichanja. Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, kilio kikageuka hasira, na hasira ikatafuta mtu. Nani alicheka? Kadeghe. Nani yuko upande wa chini wa mfereji na anayataka maji? Kadeghe.

Kesho yake ilikuwa msaragambo, siku ya watu wote kutoa tope kwenye ndiva. Mbele ya majembe yote na macho yote, Nakijwa akasema:

"Kadeghe! Unatia sumu kwenye bwawa langu!"

Watu wakasimamisha majembe. Pale kwenye ndiva hapakusemwa neno la hivihivi. Aliyemsingizia mwenzake mahali pale alitoa zamu mbili za maji.

Mzee Kadeghe hakucheka safari hii. "Mbuzi wangu wamekukanyagia shimo," akasema. "Sina jibu jingine." Akachukua jembe lake akaondoka.

Senzighe akashuka mara ya tatu, akarudi na miguu imevimba. "Hawa ndio wa mwisho, mke wangu. Miguu imekataa." Perege wanane wakaingia bwawani wote, hakupikwa hata mmoja.

Nakijwa akakaa na mchi wa kutwangia kando ya bwawa, analinda. Siku ya kwanza, analinda. Siku ya pili, analinda. Akijikuna, analinda. Mitungi hakuikumbuka. Siku sita zikapita na samaki wanacheza!

"Mnaona?" akamwambia mumewe. "Nimemtisha!"

Siku ya saba moyo ukatulia, macho yakaona. Mitungi ile, aibu! Ute mzito, wa kijani, unaning'inia kama kamasi. Akakoka moto, akaweka maji na majivu, akayatoa mawe ya mtungi wa katikati, akayaanika juu ya jani la mgomba karibu na mlango.

Mara sauti ikatoka ndani.

"Nakijwa! Ni nini hicho kinachonukia?"

"Ni uchafu, mama, nautoa sasa hivi."

"Usiutoe! Nitoe mimi!"

Nakijwa akaacha kila kitu, akaingia, akambeba. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Akamketisha karibu na lile jani. Bibi akachukua jiwe moja, akapitisha kidole juu ya ute, akanusa, akafumba macho.

"Hii ni harufu ya kwetu," akasema. "Tukiwa wasichana tulikuwa tunateleza juu ya mawe ya namna hii, tunaangukiana, tunacheka. Wewe ulikuwa unataka kuyafanya nini?"

"Kuyasugua, mama. Kwa majivu."

"Uliwahi kuyasugua kabla?"

"Kila siku ya tatu!" akasema Nakijwa kwa majivuno.

Bibi akamtazama. Akatazama chungu cha majivu kinachochemka. Akatazama jiwe. "Mwanangu. Nani husugua ziwa?"

Nakijwa akalitazama lile jiwe mkononi mwa Bibi.

"Ziwani mawe yote yako hivi, na samaki hawafi. Ute huu unakula uchafu wa samaki. Mtungi wako unakamata takataka, lakini ute ndio unaozila. Wewe unaua mfanyakazi, halafu unawanywesha samaki majivu, halafu unashangaa."

"Hapana, mama! Ni Kadeghe! Siku sita nimelinda, siku sita hawajafa!"

"Siku sita hujasugua. Na Kadeghe yuko kwa binti yake ng'ambo ya bonde, kavuna naye wiki nzima, hata mimi niliyegeukia ukuta nilimsikia akiaga. Ulikuwa unalinda nini? Inzi?"

Nakijwa akainua kile chungu, akaenda kumwaga majivu yake mbali, ng'ambo ya njia, akayarudisha mawe mtungini moja moja na ute wake, kama mtu anayerudisha mayai kwenye kiota.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini Kadeghe aliporudi, Nakijwa aliwaita watu kwenye ndiva, akasimama palepale aliposimama siku ile.

"Nilisema Kadeghe ametia sumu. Aliyetia sumu ni mimi, kwa mikono yangu, kwa majivu yangu. Nilimsingizia. Zamu zangu mbili ni zake."

Watu wakamtazama Kadeghe. Mzee akajikuna kidevu. "Nazichukua," akasema. "Nikikuachia bure, utanichukia kwa kukuhurumia. Nakujua."

"Kweli kabisa," akasema Nakijwa, na watu wote wakacheka, yeye na Kadeghe wakiwa katikati yao.

Lakini fikirini wenyewe. Zamu mbili ni siku kumi bila maji mapya! Mwezi wenyewe umebaki uzi mwembamba wa alfajiri, halafu ukapotea kabisa, na perege wanane wamebaki na maji yaleyale, na mitungi mitatu mibovu, na ute. Chota, mimina. Chota, mimina. Mikono ya Nakijwa ikaota malengelenge. Siku ya nane Kadeghe alipita, akasimama, akamnyang'anya kibuyu bila salamu, akachota hadi jioni. Bibi alitolewa nje kila siku, akikagua maji kama mwenye mali. "Huyo mkubwa mbona hafungui mdomo?" aliuliza. "Hali. Mtazameni vizuri."

Siku ya kumi machela ikafika. Wanaume wanne kutoka ziwani, vumbi hadi magotini. Mkubwa wao akasalimia, akasema, "Juzi mwezi umeonekana. Bibi yuko wapi? Kaka yake anamsubiri."

Nakijwa alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa, na Bibi amemshika bega kwa vidole vyake vikavu. Majini yule perege mkubwa alikuwa amefungua mdomo hatimaye, na kutoka mdomoni walikuwa wakimwagika watoto, wadogo kama punje za ulezi, wengi, wengi. Wakatawanyika. Kivuli cha mgeni kikawaangukia, wote wakarudi mbio mdomoni mwa mama yao.

"Nakijwa," akasema Bibi, "nipikie mmoja. Si huyu. Yule dume mvivu wa pembeni. Kesho wapo."

Akapikwa na ndizi. Bibi akala mbele ya wanaume wanne. Akala nyama, akanyonya kichwa, akapanga miiba kwenye ukingo wa bakuli. Wale wanaume wakasubiri, machela chini. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Haya, Bibi, panda," akasema mkubwa wao.

"Nipande niende wapi? Jazeni hiyo machela ndizi na magimbi, mpelekeeni kaka yangu. Mwambieni dada yake hana nafasi. Ana bwawa, na ana mkwe ambaye akiachwa peke yake siku moja tu, atalisugua."

Nakijwa akacheka na kulia kwa pamoja, akaona aibu kwa vyote viwili.

Basi, wajukuu zangu, nawaambia waziwazi, sipendi kuzunguka. Kabla hujakiita kitu uchafu, kiulize kinafanya kazi gani. Kabla hujamwita mtu mwovu, tazama mikono yako mwenyewe. Na ukikosea mbele ya watu, tengeneza mbele ya watu. Kunong'ona uani hakutoshi.

Kisa changu kimeshiba, kinapiga miayo. Atakayekidai tena aniletee kuni kwanza.

— Tutaleta!

Tutaona. Nendeni mkalale.