Bango la Kupunguza Watu

Wahenga hawakumwaga maneno ovyo. Waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, walituonya kuwa hata jambo dogo humshinda mwenye nguvu akilikabili peke yake.

Ng'ambo ya reli paliishi jamii ndogo ambayo watu wa mji waliendelea kuiita "wageni", ingawa ilikuwa imekwisha kuzika mababu zake pale pale. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja, fundi cherehani, mnene hata kiti chake kililia kila alipoketi. Sukari ilikuwa imemwingia mwilini, na daktari alimwambia bila kupepesa macho, "Mama, mwili usipopungua, macho yatakwenda." Fundi asiye na macho ni kinu kisicho na mchi.

Alijaribu. Aliacha soda, akapunguza mkate, akatembea kando ya barabara ya malori huku akimeza vumbi. Mwili ulipoanza kuitika, wifi yake, muuza chipsi wa jirani, akapaza sauti mbele ya wateja.

"Wifi, mbona umepungua hivyo? Kaka yangu hakulishi, au unaumwa yale yasiyosemeka?"

Watu wakaangua kicheko. Mtaani pale, kupungua kulikuwa jina la pili la dhiki na maradhi. Haukupita muda, fundi akarudia sahani zake, moyo umechoka kuliko magoti.

Ndipo chuo kikuu kilichokuwa upande wa pili wa reli kikaleta mradi wa afya. Mhadhiri kijana akatundika bango la kitambaa mlangoni pa ukumbi wa mtaa: MRADI WA KUPUNGUZA WATU WANENE WA NG'AMBO YA RELI. Viti vikapangwa, mizani ikawekwa. Hakutokea hata paka.

"Miaka yote wanatupunguza kimyakimya," wifi alisema akigeuza chipsi zake, "leo wameandika kabisa!"

Fundi alikwenda, kwa kuwa kiza kilikuwa kimeanza kumtanda jicho la kushoto. Alimkuta mhadhiri amejiinamia katikati ya viti vitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwani tumewazidi wingi hata mtupunguze?"

Mhadhiri akalitazama bango, kisha akashika kichwa. "Uzito, mama! Nilikusudia uzito!"

"Mimi nimekuelewa. Bango lako ndilo lisilokuelewa."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

"Vipimo ninavyo na wauguzi ninao," mhadhiri akasema. "Watu sina."

"Nami watu ninao, pa kutembea sina. Lile geti la uwanja wenu linalotazama reli limefungwa tangu nikiwa msichana."

"Nitaliombea ufunguo."

"Omba. Mimi nitaanza na wifi yangu, na sijui nani kati yetu ana kazi ngumu zaidi."

Alilichukua bango, akalikata, akalishona upya: TUTEMBEE PAMOJA. Mhadhiri naye alizunguka ofisi baada ya ofisi, leo njoo, kesho rudi, hata soli za viatu zikalika.

Fundi alimfuata wifi yake jikoni, akasema polepole, "Wifi, jicho moja linaniaga. Nikipofuka, kaka yako atakuwa mke na mume. Ulinicheka nikaacha. Safari hii usinicheke; nisindikize."

Wifi akaweka kijiko chini. "Nitakuja," akajibu, "lakini ukinipita mbio, narudi."

Geti lilipofunguliwa hatimaye, lililia kama mzee anayeamshwa. Muuguzi wa chuo alimpima wifi, akakuta shinikizo lake la damu limepanda kupita la fundi. Tangu siku hiyo mwenye kucheka akawa mwenye kutembea, na wateja wake wakamfuata, wakinung'unika njia nzima. Walioacha walikuwapo, lakini wengi wao walirudi kutembea.

Jicho la kushoto halikurudi. Msaada ulikuwa umechelewa. La kulia lilisalimika.

Asubuhi moja wifi aliingia na gauni mkononi, akatazama chini kwa haya. "Wifi, nipunguzie hili kiunoni."

Fundi akausogeza uzi karibu na jicho lake lililobaki, akautia katika tundu la sindano bila kukosea. Nje, mhadhiri alikuwa akiwaita watembeaji, naye wifi akamjibu kwa kelele asubiri. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.