Mguu Uliozidi Unyayo

Kisa!

— Kilete!

Nikilete kizima au kimemeguka?

— Kilete hivyo hivyo, tutakikagua!

Haya, kikagueni. Mimi sina ugomvi na mtu anayekagua. Nina ugomvi na yule anayetikisa kichwa tu huku shavu moja limevimba. Ndiyo, wewe Ngolo, nimekuona. Karanga zinapungua na maganda hayaongezeki. Menya, usitafune, usikilize.

Zamani, zamani hasa, zamani ambazo hata bibi yake bibi yangu alizisikia tu, kulikuwa na watu walioishi chini ya mlima uliotoa moshi. Nyuma yao mlima, mbele yao uwanda wa magadi, mweupe, mpana, hauna jani wala kivuli. Kijiji chao kiliitwa Nyayoni. Kwa nini? Kwa sababu palikuwa na mwamba wa kijivu, na juu ya mwamba palikuwa na nyayo. Nyayo za kweli, wajukuu zangu. Kisigino kipo, vidole vitano vipo, vimezama ndani ya jiwe kama mguu wako ulivyozama jana pale kisimani. Nyayo kubwa zimefuatana, na ubavuni mwake nyayo ndogo.

Sasa nani anakanyaga jiwe likabonyea? Watu wa Nyayoni walisema: ni Mtangulizi, aliyeiumba dunia kisha akatembea juu yake kuitazama. Na kwa kuwa alituumba kwa mfano wake, mguu wa mtu halali sharti uenee katika unyayo wake.

Basi ikawa mila. Kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kwisha, vijana waliopevuka walipandishwa mwambani, wavulana kwa wasichana. Kijana aliweka mguu. Ukienea, vigelegele. Ukizidi, hata kwa ncha ya kidole gumba, kimya. Huyo alipewa kibuyu cha maji na kuonyeshwa uwanda wa magadi, aende asirudi. Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka akawa nukta, na ile nukta ikapotea.

Mnaguna? Gunieni hao, si mimi.

Palikuwa na mfinyanzi mmoja, jina lake Nyanzobe. Mjane, mwembamba, macho makali, mtu wa kunusa maziwa kabla ya kunywa hata kama kakamua mwenyewe. Mwanawe wa kwanza, Masele, alikuwa amepimwa miaka mingi nyuma. Mguu wake ulizidi. Nyanzobe alisimama pale pale akamwona mwanawe akiwa nukta, na hakusema neno, maana aliamini. Aliamini kwamba tumbo lake lilizaa kitu kilichokosewa. Aliishi na aibu hiyo kama mtu anayeishi na jino bovu. Sasa alibaki na mjukuu, Mbuke, mtoto wa binti yake marehemu. Na Mbuke alikuwa amepevuka, mrefu, mwenye miguu mirefu. Mwaka ule ilikuwa zamu yake.

Nyanzobe akaanza kushuku.

Kwanza alimshuku mlinzi wa mwamba, Mzee Malongo, ambaye baba yake na babu yake walikuwa walinzi vilevile. Akajiuliza, “Mbona huyu mzee havui ndara zake za ngozi? Wengine wote tunapanda mwambani miguu mitupu, yeye anasimama pembeni na ndara, anapima miguu ya watoto wa wenzake.” Akashuku kwamba labda anauchonga ule unyayo, maana haukupita mwaka bila mtu kufukuzwa. Akaenda mchana akaupapasa mwamba kwa vidole vya mfinyanzi. Haukuwa na alama ya chombo. Akarudi na mashaka yake, mazito zaidi, kwa kuwa sasa hayakuwa na mtu wa kubebeshwa.

Sikilizeni hapa vizuri. Kulikuwa na desturi nyingine. Udongo wa kwanza wa mwaka haukufinyangwa mpaka mlinzi aukanyage mara moja, kwa mguu mtupu, ili vyungu vipate baraka. Mwaka ule Malongo akaja, akavua ndara moja, akakanyaga bapa la udongo mbichi uani kwa Nyanzobe, akavaa ndara yake upesi, akaenda zake. Kwa kawaida Nyanzobe angelikanda lile bapa siku hiyo hiyo. Lakini homa ilimwangusha. Alilala siku tisa, Mbuke akimnywesha uji.

Siku ya kumi akatoka uani, akaliona bapa limekauka. Akautazama unyayo ule. Akainama. Akasema, “Huu si mguu wa Malongo. Nani amenibadilishia udongo wangu?”

Mnaona? Hata mgonjwa, shaka iko pale pale.

“Hakuna aliyeugusa, Bibi,” Mbuke alisema. “Tazama kidole cha mwisho.”

Kweli. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama cha Malongo, aliyenaswa na mtego ujanani. Ulikuwa mguu wake, ila ulikuwa umepungua.

Nyanzobe akaketi chini, puu! Tangu utotoni alijua kwamba udongo ukikauka hunywea. Kila mfinyanzi anajua. Ukitaka chungu cha debe moja, finyanga kikubwa zaidi ya debe. Aliyajua hayo kwa mikono yake, lakini akili ile ilibaki uani kwenye vyungu, haikuwahi kupanda mwambani hata siku moja. Akachukua udongo mbichi, akabonyeza kiganja chake, akauanika kivulini. Akangoja. Ulipokauka akarudisha kiganja. Hakikuenea.

“Mbuke,” akasema taratibu, “hata yule mwenye nyayo, akirudi leo, watampa kibuyu.”

Siku ya kupima ikafika. Watu wote juu ya mwamba, jua limesimama. Vijana saba wamepangwa, Mbuke wa tatu. Nyanzobe akapanda na bapa lake kichwani.

“Mama Masele,” Malongo akasema, “leo si siku ya vyungu.”

“Najua, mzee wangu. Nina swali dogo tu.” Akalitua bapa chini mbele ya watu. “Huu ni mguu wa nani?”

Watu wakachungulia. Wakacheka kidogo. “Wa mzee huo! Kidole hicho nani asiyekijua?”

“Ni wangu,” Malongo akasema. “Niliubariki udongo wako. Kumbe hukuutumia?”

“Nilikuwa naumwa. Sasa nakuomba, mzee, vua ndara, uurudishe mguu wako mahali pake.”

“Mguu wa mlinzi haupimwi.”

“Sikuomba uupime kwa Mtangulizi. Upime kwako mwenyewe.”

Mwanamke mmoja nyuma, ambaye binti yake alikuwa wa kwanza kwenye mstari, akasema, “Kwani kuna nini, mzee? Si mguu wako?” Na mwingine, “Avue!” Na mwingine, “Avue tu!”

Malongo akavua. Akaweka kisigino. Kisigino kikaingia. Akalaza wayo. Vidole vikapanda ukingoni, vikatoka nje, vyote vitano, pamoja na kile kilichopinda.

“Haya,” Nyanzobe akasema. “Aliyekanyaga hapa ni wewe, na wewe mwenyewe hukubali. Tukupe kibuyu?”

“Umeuroga udongo!”

“Nimeuroga kwa kivuli na upepo. Waulize wanawake hawa kama chungu kikikauka hakipungui.”

Wanawake wakatazamana. “Hupungua,” wakasema. “Hupungua, mzee, hilo ni kweli.”

Malongo akapandisha sauti. “Huo ni udongo! Hili ni jiwe!”

“Jiwe halibonyei, mzee. Sasa ni jiwe. Siku lilipokanyagwa lilikuwa tope. Mlima huu hututemea majivu, na majivu yakinyeshewa huwa nini? Wewe hukuona vijana wetu wakiteleza mwaka ule majivu yaliponyeshewa? Hapa walipita watu. Watu wadogo kuliko sisi, watu wa kale mno, labda walikuwa wanaukimbia moto wa mlima. Na walikuwa na mtoto.”

“Mtoto gani? Hiyo alama ndogo ni mahali Mtangulizi alipotua mkoba wake.”

“Mkoba wenye vidole vitano?”

Hapo watu walicheka, wajukuu zangu, wakacheka mwambani, jambo ambalo halijapata kutokea. Lakini Nyanzobe hakucheka.

“Mnasema kila kizazi tunazidi kufanana na Mtangulizi, maana wengi wetu tu wafupi na miguu yetu midogo. Tunajisifu. Nani hapa hafugi mbuzi? Ukiwaondoa kila mwaka mbuzi wenye masikio marefu, zizi litajaa nini?”

“Masikio mafupi,” mtu akajibu kabla hajajizuia.

“Basi si Mtangulizi anayetufanya wafupi. Ni sisi. Tunawatupa warefu jangwani, kisha tunawatazama waliobaki na kusema, tazameni kazi ya Mungu.”

Malongo akaketi juu ya jiwe. Alikuwa mzee sana ghafla. Akazitazama ndara zake, akasema kwa sauti ndogo, “Mimi nami sikuenea. Siku yangu, baba alinisimamia mbele na shuka lake, akasema, ameenea. Nikaamini kwamba nimesamehewa. Nikaona nisipokuwa mkali kwa wengine, Mtangulizi atanikumbuka.”

Nyanzobe alikuja mwambani akitaka kumchukia mtu huyu. Alikuwa amejiandaa kwa chuki hiyo siku nyingi. Sasa akamwona ni mtoto mwoga mwenye mvi, na chuki ikakosa pa kukaa. Ndipo kilio kikamtoka, kilio cha miaka yote. “Masele wangu! Masele wangu hakuwa na kosa! Nilimwacha aende kwa ajili ya tope! Tope lililokauka!” Watu wengine nao wakaanza kuita majina ya watoto wao, kila mmoja jina lake, mpaka mwamba mzima ukawa majina.

Siku hiyo hakupimwa mtu. Mbuke alishuka na bibi yake, na mila ikafia pale.

Nikomee hapa? Mnataka nikomee hapa, mkalale na furaha? Ngojeni. Mimi watu nawashuku.

Asubuhi moja Nyanzobe aliamka akakuta kibuyu cha maziwa kando ya lile bapa uani. Kesho yake, vibuyu viwili na shada la majani mabichi. Siku ya tatu akamsikia kijana akimwapia mwenzake barabarani, “Naapa kwa Bapa la Mama Masele!” Na jioni ile wazee wanne walikuja kwa heshima zote, wakaketi, wakakohoa, wakasema, “Mama, tumeshauriana. Kwa kuwa Bapa limetufunulia ukweli, tunaona watoto wapimwe kwa Bapa. Atakayeenea tutajua hajakua. Atakayezidi ndiye mtu halali.”

“Na asiyezidi?”

Wazee wakatazamana. “Hilo bado tunalijadili.”

Nyanzobe akanyanyuka, akachukua mchi, akalipiga bapa mbele yao mpaka likawa vumbi. Mmoja wa wazee alilia machozi. Mwingine, mimi nashuku, aliokota kigae akakificha kwenye shuka. Sikumwona. Nashuku tu.

Walipoondoka Mbuke alimuuliza, “Bibi, kama nyayo si za Mtangulizi, mvua tutamwomba nani?”

“Sijui, mjukuu wangu. Mimi bado namwomba. Jana nimemwomba. Ila siku hizi nikimaliza kuomba sijijibu mwenyewe kwa sauti yake.”

“Na kama hayupo?”

“Basi watoto hawa ni wetu peke yetu, na tuwatunze zaidi.”

Kulipopambazuka bibi na mjukuu walijitwika vibuyu vya maji na unga, wakashika njia ya uwanda wa magadi kumtafuta Masele. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na uwanda ulikuwa tope laini, jeupe. Kila hatua, unyayo. Mdogo wa bibi, mkubwa wa mjukuu ubavuni mwake. Walikwenda, wakaenda, mpaka Mbuke aliposikia nyuma yake chwa, chwa, chwa. Akageuka. Bibi alikuwa ameinama na tawi mkononi, anazifuta nyayo zao moja moja.

“Bibi, mbona unazifuta? Tukitaka kurudi tutaijuaje njia?”

“Njia tutaikumbuka,” Nyanzobe akasema. “Watu wa Nyayoni nawajua. Wewe shika tawi lako, futa na ule mkubwa.”

Walimpata Masele? Mimi sijui. Na mtu akiwaambia anajua, muulizeni alijuaje.

Funzo ni hili, lishikeni: mtu akikuletea kipimo na kusema kimetoka juu, usimtukane na usimsujudie. Mwombe apimwe yeye kwanza. Kitu cha kweli hakivunjiki kwa kuulizwa.

Kisa changu nimekitua hapo; si changu tena, ni mzigo wenu. Anayekiamini chote amelala, anayekikataa chote amelala. Aliye macho, anyanyuke anishike mkono.