Kishimo cha Kumi cha Sultani

Wewe, ukiulizwa biashara inakwendaje, na jirani yako yuko dirishani anasikiliza, husema kweli? Basi tega sikio, wala usicheke mapema.

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alikuwako mwanamke fukara jina lake Mize, muuza vitumbua. Vitumbua vyake havikuwa na sifa: upande mmoja vyeupe, upande wa pili vyeusi, na mwenyewe alizoea kusema kwamba wateja wake ni wa namna mbili, wenye huruma na wageni.

Ikawa Sultani akapiga mbiu: "Kuanzia mwezi mwandamo, katika kila biashara, kubwa kwa ndogo, fungu moja katika kumi ni mali ya Sultani, wala asiliguse mtu mwingine. Asiyelitoa atanyang'anywa vyombo vyake vya kazi." Basi makarani wakapita mlango kwa mlango kuandika kila mtu auza kiasi gani. Karani alipofika kwa Mize, Bi Zuwena, muuza mikate wa nyumba ya pili, alikuwa dirishani, shingo nje kama kobe.

"Wauza vitumbua vingapi kwa siku?" akauliza karani.

Mize akalitazama lile dirisha. "Mia nne," akajibu. "Hapo ni siku mbaya."

Karani akaandika. Bi Zuwena akafunga dirisha kwa kishindo, naye Mize akafurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha akapiga hesabu. Fungu la kumi la mia nne ni vitumbua arobaini, kila siku ya Mungu. Akivitoa, hatabakiwa na pesa ya mchele. Asipovitoa, watachukua chuma chake cha kupikia, chenye vishimo kumi, naye hakuwa na kingine duniani cha kumlisha.

"Hongera, Mize," akajiambia. "Umemkomesha Zuwena. Sasa mtakufa njaa, wewe na sifa zako."

Basi siku ya kwanza ya mwezi akabeba jiko, chuma na bakuli la unga ulioumuka, akaenda hadi barazani, akawasha moto mbele ya kiti cha Sultani.

"Ewe mwanamke, ni nini hii?" akauliza Sultani.

"Nimeleta haki yako, Maulana. Vishimo tisa ni vyangu, na hiki cha kumi ni chako. Hata kukisugua sikuthubutu, maana mbiu imesema asikiguse mtu mwingine. Karibu upike."

Waziri akang'aka, "Mwondoeni!" Lakini Sultani alikuwa na kiburi chake. "Mwacheni. Nimeteka miji saba, kitumbua kitanishinda?" Akakunja mikono ya joho, akamimina unga, akakikazia macho kama awakaziavyo wafungwa. Kitumbua hakikuogopa. Kilifuka moshi, kikashika chini, na kilipogeuzwa kilikuwa cheusi kuliko vya Mize, jambo ambalo mji mzima ulidhani haliwezekani.

Sultani akampa waziri aonje. Waziri akatafuna, machozi yakamlengalenga. "Kitamu mno, Maulana. Kama kina kasoro, ni makaa." Kadhi akasema ni mafuta. Mkuu wa askari akasema ni yule mwanamke, amekiroga chuma.

"Ajabu," akasema Mize. "Vyangu huungua kila siku, na hakuna aliyewahi kuyalaumu makaa. Lakini si kitu, Maulana, kimoja tayari. Kwa leo vimebaki thelathini na tisa. Kesho arobaini tena, nami huanza alfajiri. Nije, au utakuja mwenyewe?"

Sultani akautazama mkono wake uliorukiwa na mafuta. Mara akaangua kicheko hata kilemba kikamkaa upande.

"Nyamazeni na makaa yenu! Nimekiunguza mimi." Kisha akaamuru kwamba tangu siku ile fungu lake litolewe katika kile kinachombakia mtu akisha kununua mchele, mafuta na makaa, na asiyebakiwa na kitu asidaiwe kitu. "Lakini nijibu hili, bibi. Mimi nimetoka jasho kwa kimoja. Wewe, peke yako, na chuma hiki, wapika mia nne?"

Mize akageuka. Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni mwa baraza, shingo nje vilevile, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Hamsini na vitatu, Maulana," akasema, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni. "Tena siku ya Ijumaa. Ile mia nne niliitaja kwa sababu yule pale alikuwa dirishani."