Aegeshaye kwa Hasira

"Aegeshaye kwa hasira huondoka kwa nyundo." Mmemsikia jirani akiwaambia mabinti zake waliobamizana milango, na sasa mmenizunguka mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni. Haikutoka mbali. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kangagani, nami niliiona ikizaliwa, nikiwa bado mke mgeni katika nyumba ya mkwe wangu, Bi Mize.

Bi Mize alikuwa na watoto wawili wa kiume: Faki, mkubwa, na Shaame, mume wangu. Ndugu hao walikuwa na gari moja, gari dogo kuukuu la buluu. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila hata ukitia kidole mlangoni kinatokea upande wa pili. Lakini lilikuwa likienda, na maharusi wote wa kijiji hiki walipandishwa humo.

Siku moja, wakitoka kumpeleka biharusi, Shaame alimtania kaka yake mbele za watu.

"Faki anaendesha kama aliyebeba mayai! Tumefika pilau imekwisha, bwana harusi kesha lala!"

Watu wakacheka. Faki hakucheka. Alilisimamisha gari chini ya banda la makuti, akaivuta handibreki, ile breki ya mkono, kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo, akamtupia mdogo wake funguo. "Mwenye mbio aendeshe yeye."

Shaame naye akajibu kwamba aliyeivuta ndiye atakayeishusha. Basi gari likakaa pale. Masika ikaingia, banda likavuja, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Betri tukaitia ndani kuwashia redio. Ndugu wawili wakawa wanapishana uani kama wapangaji wasiojuana.

Sasa, mkwe wangu huyo hakuwa na mfano kwenye bao. Mwaka ule aliwashinda wazee wote wa upande wetu, wanaume kwa wanawake, akaitwa Chake Chake kucheza fainali na bingwa wa kule, Maalim Kombo. Sharti lilikuwa moja: watu wakitoka sala ya adhuhuri, asiyekuwepo mkekani ameshindwa.

Kijiji kiliwaka moto kwa furaha! Asubuhi ya siku ile kila chenye magurudumu kiliondoka na washangiliaji, malori, baiskeli, hata gari la muuza barafu. Hakuna aliyemuuliza Bi Mize atakwendaje. Mtu mwenye wana wawili wenye gari haulizwi. Faki alidhani Shaame ameshamtafutia mama usafiri. Shaame alidhani ni Faki. Kuulizana hawakuulizana.

Kelele zilipotulia tukabaki sisi wanne, Bi Mize kesha vaa buibui lake, mkoba mkononi.

"Gari li wapi?"

Lo! Shaame alikimbilia betri, nami nikafukuza kuku. Gari likaunguruma mara ya tatu, nikapiga kigelegele. Niliwahi mno. Faki alipoishusha handibreki, mpini wake ulianguka bila uzito wowote, na alipokanyaga mafuta gari likachuchumaa nyuma kama punda aliyekataa mzigo. Magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata kidogo.

"Limeshika kutu," Faki akauambia ukuta.

Shaame akamgeukia mama yake. "Mama, mwambie huyo alete jeki."

"Mama, mwambie huyo jeki iko uvunguni mwa kitanda chake."

Bi Mize akauweka mkoba chini. "Mimi si simu ya kupitishia maneno yenu! Mliegesha kwa hasira, basi leo mtaondoka kwa nyundo. Na kazi hii haina wa kuifanya peke yake. Haya, jua halimngoji mtu!"

Tukaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, jeki ikanyanyua nyuma, magurudumu yakatolewa. Shaame akajilaza matopeni, akaanza kugonga drami, kile chuma cha mviringo kinachofunika breki, akigonga huku na huku kwa hadhari asiipasue. Mimi nikimimina mafuta ya taa kwenye waya wa handibreki uliogandana na ganda lake. Upande wa kushoto ukaachia, ta! Kutu ikamwagika kama bizari. Wakasugua kwa msasa, wakarudisha.

Wa kulia ukagoma. Shaame aligonga mpaka jasho likamziba macho, na jua linapanda. Hatimaye sauti yake ikatoka chini ya gari:

"Kaka! Ingia ndani uivute, kisha uishushe! Mimi naurudisha waya kwa koleo!"

Kaka! Tangu ule ugomvi neno hilo lilikuwa halijamtoka. Faki aliruka ndani kama kijana.

"Navuta!"

"Shusha! Umesogea!"

"Sana?"

"Kidogo! Tena, kaka, tena!"

Vuta, shusha, nyundo, mafuta. Bi Mize akawapigia makofi kama yuko ngomani. Mara drami ikalia, ikaachia, Shaame akaisukuma kwa kiganja ikazunguka! Sote wanne tulipiga kelele. Kuku walikimbilia kwa jirani.

Magurudumu yakarudishwa, Faki akamkabidhi mdogo wake funguo. "Endesha wewe. Leo hatukubeba mayai."

Wallahi sijawahi kwenda mbio vile. Tulifika Chake watu wanavaa viatu mlangoni mwa msikiti, na waamuzi wameshaanza kumtazama Maalim Kombo kama mshindi. Handibreki hakuna aliyethubutu kuigusa. Nilishuka nikatia mawe nyuma ya magurudumu.

Bi Mize alikaa mkekani, akabanwa mpaka nikafumba macho. Kisha akachukua kete moja pembeni, akazunguka nayo, akala, akazunguka tena, akala tena, hata Maalim Kombo mwenyewe akacheka, akampa mkono. Uwanja ulilipuka.

Watu wakamuuliza, bingwa mzima, mbona nusura uchelewe? Akawaonyesha wanawe, wamekaa bega kwa bega, wekundu kwa kutu kuanzia nywele mpaka nyayo.

"Aegeshaye kwa hasira," akasema, "huondoka kwa nyundo."

Walicheka wote, na waliocheka zaidi ni Faki na Shaame. Jioni ile maneno yale yalikuwa yakisemwa sokoni na watu wasiotujua sisi wala gari letu. Hasira ya mtu hupoa, wanangu, lakini kutu haingoji ipoe. Aegeshaye kwa hasira huondoka kwa nyundo.