Vigingi Vilivyohama Wakati wa Sala

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni mlima wenye ubavu mkali, migomba huku na huku, na barabara nyembamba ya vumbi ikipita chini yake. Kutoka barabarani zinapanda ngazi za mawe, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na tisa. Ngazi zinapoishia pana uwanda mdogo, na upepo unavuma hapo kama umetumwa. Juu ya uwanda huo wamesimama watu zaidi ya mia, wamefumba macho kama ninyi. Chini, kando ya barabara, bibi mmoja ameketi juu ya jiwe. Yeye peke yake hakupanda.

Mmewaona? Na wewe uliyechungulia, nimekuona. Haya, fumbueni sasa, niwaambie walifikaje hapo.

Hapo zamani, ila si zamani sana kwa kuwa simenti ilikwishakuwapo, katika milima ya Upare palikuwa na usharika ulioitwa Ngwasi. Masika moja kanisa lao la udongo lilianguka. Lilianguka siku ya Jumanne, hakukuwa na mtu ndani, wakamshukuru Mungu. Kisha wakasema, "Tujenge la mawe. Lakini tusijenge tu kama kuku anayefukua. Tukae, tupange."

Wakakaa, wakapanga. Jumamosi tatu mfululizo walikutana katika darasa la shule, wakabandika karatasi kubwa ukutani, wakaandika juu yake: MIAKA HAMSINI IJAYO. Wakaandika kengele. Wakaandika shule ya chekechea. Wakaandika vyoo, kisha wakagombana juu ya vyoo, kisha wakapatana. Mwisho likabaki swali moja. Kiwanja chao kilikuwa na sehemu mbili, uwanda wa juu na uwanda wa chini barabarani. Je, kanisa likae juu au chini?

"Juu!" akasema Mzee Elieneza, mkubwa wa wazee wa kanisa. "Wenzetu wa ng'ambo ya bonde wamejenga kanisa lenye mnara. Kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki, mnara ule unanitazama. Nimechoka kutazamwa! Tujenge juu, watazamwe wao."

"Juu!" akasema Kadeghe, mkulima wa tangawizi, mtu mnyofu, mwenye mabega mapana. "Kanisa la chini ni taa iliyowekwa uvunguni."

"Juu," akasema Semvua, fundi mwashi, kwa sababu wote walikuwa wamesema juu, naye hakuwa na desturi ya kubishana na watu watakaomwajiri.

"Chini," akasema Namkunda, mwalimu wa kwaya.

Wote wakamgeukia.

"Bibi Nakijwa magoti yake yamekwisha," akasema Namkunda. "Ngazi thelathini na tisa haziwezi. Miaka sitini hajakosa ibada hata moja. Tena ndiye besi wangu."

Watu wakacheka. Lakini ilikuwa kweli. Sauti ya Bibi Nakijwa ilikuwa imeshuka pamoja na umri mpaka akahamia upande wa wanaume, na huko aliwashinda wote.

Mchungaji akamuuliza, "Bibi, wewe mwenyewe wasemaje?"

"Mimi? Jengeni juu, wanangu. Nitakaa pale barabarani. Mkiimba kwa nguvu, nitaitikia kutoka chini. Ila upepo ukivuma kwenda huko ng'ambo, mtanisamehe nikikosea mahali pa kuingia."

Hapo hakucheka mtu. Lakini mikono iliponyooshwa, waliotaka juu walikuwa mia moja na sita, waliotaka chini walikuwa kumi na wanne. Kadeghe ndiye aliyehesabu, na Kadeghe hakosei kuhesabu.

Jumamosi iliyofuata wakapanda wote kwenda kutia vigingi. Bibi Nakijwa akabaki chini kwenye jiwe lake. Semvua akapigilia vigingi vinne, pembe nne za kanisa. Kisha mchungaji akasema, "Mzee Elieneza atatuongoza kwa sala."

Watu wakatazamana.

Lazima niwaeleze. Sala ya Mzee Elieneza ilikuwa safari. Ilianza kwa Adamu, ikaingia safinani na Nuhu, ikapumzika kwa Abrahamu, ikavuka bahari na Musa, na ilipofika kwa Yona, maharage uliyoyaacha jikoni yalikuwa yameiva, yakakauka, yakaungua. Na Ngwasi kulikuwa na mwiko mmoja uliozidi yote: sala ikianza, macho hufumbwa. Mtu mzima aliyechungulia alikuwa na aibu kuliko aliyeiba mbuzi.

Basi Mzee Elieneza akasimama juu ya mwamba, uso wake ukitazama bondeni. Watu wote wakamwelekea yeye, vigingi vikawa nyuma yao. Semvua alisimama nyuma kabisa, karibu na kazi yake. Namkunda naye alisimama nyuma.

Mzee akaanza kwa Adamu. Watu wote wakafumba macho. Namkunda akafumbua ya kwake. Akatazama chini, akamwona bibi juu ya jiwe, mdogo kama mzigo uliosahauliwa, midomo ikienda.

Mzee akafika kwa Nuhu. Kigingi cha kwanza kikang'oka.

Mzee akafika kwa Abrahamu. Kigingi cha pili kikang'oka, na cha tatu.

Kigingi cha nne kikakataa. Namkunda akavuta, kikakataa. Akavuta tena, kikalia kwii! Papo hapo Mzee akamruka Isaka, akamruka Yakobo, akapaza sauti kama radi, "NA MLIMA WA SINAI UKATETEMEKA!" Kigingi kikatoka.

Namkunda akashika ngazi, vigingi vinne kwapani. Alipofika ngazi ya tatu akakumbuka kwamba hana nyundo. Akageuka. Nyundo ilikuwa imelala juu ya ngazi ya kwanza kana kwamba imemfuata. Hakuwa na muda wa kuiuliza imefikaje. Akaichukua, akashuka mbio.

"Nani huyo?" akauliza Bibi Nakijwa, macho kayafumba.

"Mimi, bibi. Endelea kuomba."

"Naendelea. Unafanya nini?"

"Natia vigingi."

"Huku?"

"Huku huku."

"Mchungaji anajua?"

"Mungu anajua."

Bibi akasema, "Haya. Lakini utapigiliaje bila watu kusikia?"

Kule juu Mzee Elieneza akasema, "Semeni amina!"

"AMINA!" wakaitikia watu zaidi ya mia. Ngo! nyundo ikapiga.

"Semeni tena!"

"AMINA!" Ngo!

"Sijasikia!"

"AMINA!" Ngo! Ngo!

Siku hiyo watu wa Ngwasi walisema amina nyingi kuliko mwaka mzima. Koo ziliwakauka.

"Bibi, inua mguu," akanong'ona Namkunda. "Umekanyaga pembe ya madhabahu."

Bibi akainua mguu, macho bado kayafumba. Kigingi cha nne kikaingia. Namkunda akapanda ngazi zote thelathini na tisa akihema, akafika mahali pake Yona alipokuwa anatapikwa ufukoni. Sala ikaisha. Watu wakafumbua macho.

"Vigingi vimehama!" akapiga kelele Kadeghe.

Wakatazama nyuma, wakaona matundu manne. Wakatazama chini, wakaona vigingi vinne, na ndani yake Bibi Nakijwa ameketi kama bibi arusi.

"Nani amevihamisha?" akauliza mchungaji.

Kila mtu akamtazama jirani yake.

"Nani ameona?"

Sasa hata kutazamana wakaacha. Maana anayesema "Nimeona" anasema "Nimechungulia."

Mchungaji akaita kwa sauti, "Bibi! Umeona nini huko chini?"

"Nilikuwa nimefumba macho, Baba Mchungaji!" Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Kadeghe akapiga magoti. "Malaika," akasema. "Ni malaika!"

Neno likazunguka uwanda mzima. Mchungaji akauliza kama wanataka kupiga kura upya. Nani angenyoosha mkono ashindane na malaika? Wakatazama vidole vya miguu, wakashuka, wakajenga chini.

Walijenga miaka miwili. Hakuna aliyefanya kazi kama Kadeghe. Kabla ya kwenda kwenye tangawizi zake alibeba mawe kutoka mtoni, na kila jiwe alilolitua alisema, "Hili la malaika." Katika miaka hiyo miwili kiuno kilimshika Semvua. Mzee Elieneza alianza kutembelea mkongojo. Jambo moja hawakuliandika kwenye ile karatasi ya miaka hamsini, kwamba wao wenyewe watakuwa humo ndani wakizeeka.

Siku ya kufungua ikafika. Desturi ya Ngwasi ni hii: aliyeifaa nyumba ya Mungu kuliko wote ndiye hupewa ufunguo, afungue mlango kwa mara ya kwanza, na jina lake liandikwe ukurasa wa kwanza wa kitabu cha usharika. Watu wakajaa uani. Wa ng'ambo pia walikuja. Mchungaji akasimama mlangoni, ufunguo mkononi.

Kadeghe akaja na ubao aliouchonga mwenyewe. Ulisema: MAHALI ALIPOCHAGUA MALAIKA. Akaupandisha juu ya mlango, akashika msumari.

"Usipigilie!" akalia Namkunda.

Akaja mbele. "Kunyamaza nimeweza miaka miwili. Lakini uongo ukiandikwa juu ya mlango, nitapita chini yake vipi kila Jumapili? Mimi ndiye malaika."

Watu wakaguna. Akaeleza yote, tangu Nuhu mpaka Yona. Kisha akasema, "Mnikaripie kwanza. Lakini aliyeifaa nyumba hii ni nani kama si mimi? Ninyi mlipanga miaka hamsini mkamwacha mtu mmoja barabarani. Mimi nilimwona. Mikono iliyotia vigingi ni hii."

"Mikono, ndiyo," akasema Semvua, akijishika kiuno. "Lakini nyundo ilitoka wapi, dada? Mimi na nyundo yangu ni kama kobe na gamba lake, siiachi ngazini. Nilichungulia kigingi cha kwanza kilipotoka. Nikaisogeza kwa mguu mpaka ngazini. Kisha nikachimba msingi nikijua. Bila nyundo ungepigilia kwa kichwa?"

Watu wakacheka. Mzee Elieneza akagonga chini kwa mkongojo wake.

"Mnacheka nini? Ninyi mlidhani nilimruka Isaka kwa kusahau?"

Kicheko kikakatika.

"Miaka arobaini naomba, sijamruka Isaka. Nilisikia kitu nyuma yenu, nikafumbua jicho moja. Nikamwona huyu binti na kigingi mkononi. Nikamwona na bibi kule chini. Nami nilitaka juu! Mpaka leo nasema juu pangependeza. Ningefunga sala pale pale, mngegeuka mkamkamata. Sikufunga. Nilimpa Sinai, nikampa zile amina zote, na Yona siku ile alikaa ndani ya samaki siku tano kamili. Mikono ni yake, nyundo ni ya Semvua, lakini muda ulikuwa wangu."

"Mzee, ulimfanya Mungu pazia," akasema mtu mmoja.

"Nilimwomba msamaha njiani, nilipofika kwa Daudi," akajibu Mzee.

Sasa wote wakamtazama Kadeghe. Alikuwa bado ameshika ubao wake. Alizungusha macho polepole, mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo," akasema, "siku ile katika usharika mzima, aliyefumba macho ni mimi peke yangu?"

Hapo ndipo watu wengi sana walipogundua kwamba viatu vyao vina vumbi, wakainama kuvitazama.

"Namkunda," akasema Kadeghe, "tulikuwa mia moja na sita. Ulihama na vigingi, ukahama na kura zetu. Semvua, ulijua, ukanitazama nikibeba. Mzee, uliniambia niseme amina, nikasema mpaka sauti ikakauka, kumbe nilikuwa naficha nyundo. Mlinicheza shere nyote. Lakini mimi nilitii. Nilifumba macho, niliamini, nilibeba. Ukuta huu nusu yake ni mgongo wangu. Sina malaika tena. Basi nipeni ufunguo."

Namkunda akarudi nyuma hatua moja.

Mchungaji akamgeukia Bibi Nakijwa. "Bibi, tusaidie. Ni kwa ajili yako haya yote. Nani apewe?"

"Msiniingize," akasema bibi kwa sauti yake ya besi. "Mimi niliinua mguu tu."

Watu wakaanza kubishana. Huyu kampa Namkunda, kwa kuwa asingethubutu, kanisa lingekuwa juu. Huyu kasema hapana, mwizi wa kura hapewi ufunguo. Huyu kampa Mzee, aliyelimeza neno lake mwenyewe. Huyu kasema Semvua, maana alikubali aibu ya kuchungulia, akatoa nyundo. Na wengine, wakiwa na viatu vyenye vumbi, wakanong'ona, "Kadeghe, Kadeghe."

Mchungaji yuko mlangoni, ufunguo mkononi, akiwatazama wote wanne.

Je, wanangu, nani alistahili?

Jibuni mnavyoona, na bishaneni mkitaka. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: wakati mnabishana mlango bado umefungwa, na Bibi Nakijwa amesimama nje kwa magoti yale yale.