Barua Ndani ya Mkate

Palikuwa na hakimu mmoja, Baldovino, katika mji wa Valdora huko Italia, yapata miaka mia tano iliyopita. Kazi yake ilikuwa kusaka majasusi, na jamani, aliwaona hata ndani ya supu. Siku moja askari wa lango walikata mkate uliokuwa kwenye kapu la msafiri. Ikatoka barua: idadi ya mizinga yote ya mji, inapelekwa kwa adui! Msafiri akatimua mbio, kapu akaliacha.

Hakimu akaagiza aletwe Nencia, mjane mwenye tanuri la mtaa. Akaletwa mikono imefungwa, unga mpaka kwenye nyusi. Uwanja umejaa watu, kitanzi kishatundikwa.

"Mkate huu umetoka kwenye tanuri lako," akasema hakimu. "Nitajie jasusi kabla kengele ya adhuhuri haijalia. Usipomtaja, utanyongwa wewe."

Loo! Nani asiyeogopa kitanzi? Lakini ulimi wa Nencia hawakuufunga.

"Mheshimiwa, mikate yote ya mtaa hutoka kwangu. Utatunyonga wote?"

"Wewe unatosha. U jasusi?"

"La."

"Kila jasusi hukana."

"Basi ndiyo."

"Haa! Amekiri!"

"Na nikinyamaza?"

"Utakuwa unaficha."

"Kumbe hukuniita kuniuliza. Umeniita kunivika kamba."

Watu wakacheka. Hakimu akapiga meza.

"Sheria ni sheria!"

"Basi nielimishe, bwana. Unga hukandwa majumbani, huletwa kwangu, mimi nachoma tu, kisha kila mtu huchukua wake. Ikikutwa barua ndani, mwenye hatia ni mwenye moto au mwenye mkate?"

Hakimu akaona hapa anaweza kunasa wawili kwa siku moja. Tamaa mbaya, ndugu zangu.

"Mwenye mkate naye!"

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa nani! Karani, andika."

Karani akaandika.

"Sasa ugeuze mkate huo, bwana, utazame chini."

"Chini kuna nini?"

"Huyu hajapata kuingia jikoni," Nencia akawaambia watu. "Kila nyumba hupiga chapa yake chini ya mkate, ili mikate isichanganyike tanurini. Bila hivyo tungeng'oana nywele kila asubuhi."

Hakimu akaugeuza. Jogoo mwenye taji! Jogoo yule yule aliyechongwa juu ya mlango wake, na aliyekuwa kwenye pete kidoleni mwake. Na mkate kauinua juu, uwanja mzima unamwona jogoo. Karani akainua kalamu.

"Mheshimiwa, nimeandika 'hata akiwa nani'. Nifute?"

Hakimu akaushusha mkate upesi.

"Kwa kweli... chapa si ushahidi. Barua yaweza kuingia kwenye mkate wa mtu mwema, mwenyewe asijue. Wala mchomaji asijue. Mfungueni mama huyu, aende zake."

Wakamfungua. Nencia akajikung'uta unga taratibu, wala hakuondoka.

"Nenda, mama! Unangoja nini?"

"Naenda, bwana. Ila mikate yako mingine mitano iko kwangu, bado haijakatwa. Nikupelekee nyumbani, au niilete hapa hapa uwanjani?"