Zabibu za Kizibo

Mkia wa mbwa haujui sumu. Nimeisema, Mboje, kwa sababu nimekuona ukimmegea mbwa wangu chokoleti huku unasema, "Anaipenda, bibi, ona mkia." Sasa wenzako wanataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Ilianza hivi, na msinikatize, maana nikikatizwa huanza upya.

Huku kwetu Dodoma, nilipokuwa msichana, nilichuma zabibu kwa Mzee Ndahani. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Alibaki na mbwa mmoja, Kizibo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alilala kwenye pengo la uzio akaliziba. Tumbili walimaliza mizabibu ya jirani yetu Masinga, lakini kwa Ndahani walipita mbali. Mzee alikuwa akisema kwamba bila Kizibo hana shamba, na jioni hana wa kuongea naye.

Zikiwa zimebaki siku sita za kuvuna, Kizibo hakuinuka. Akatapika, akakataa maji, akatutazama kama watu asiowajua. Mama Chilewa, mpishi wetu, akasema ni jua. Mimi nikasema ni nyoka, ingawa alama ya jino haikuonekana. Mzee Ndahani akachukua fimbo.

"Ni Masinga," akasema. "Amechoka kupendwa na tumbili peke yake. Amemtegea mbwa wangu sumu."

Bahati nzuri bwana mifugo wa kijiji alikuwa amefika kumtazama. "Mzee, hiyo fimbo haina haraka. Mbwa amekula nini?"

"Ugali na dagaa. Tangu azaliwe."

Bwana mifugo akaokota kijiti, akachokoa matapishi. Tukaona maganda ya zabibu.

"Nani anampa hizi?"

Nikasema, "Mimi. Kishada kimoja kila asubuhi, shukrani tu. Alikuwa anatikisa mkia."

"Kumbe na wewe?" akasema Mama Chilewa. "Mimi nampa mchana."

Tukamgeukia mzee, maana fimbo ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Jioni," akasema polepole. "Zile zilizodondoka. Nikila peke yangu ananitazama."

"Basi mmemlisha sumu wote watatu," akasema bwana mifugo. "Zabibu humharibu mbwa figo."

"Mbona mimi nazila tangu utoto na sijafa?" nikauliza.

"Wewe si mbwa."

"Hilo bado linachunguzwa," akasema Mama Chilewa.

Mzee Ndahani hakucheka. "Lakini alikuwa anafurahi, mwanangu. Kila siku alifurahi."

"Mzee, mkia wa mbwa haujui sumu. Wewe ndiye ujue."

Bwana mifugo akamtundikia Kizibo dripu kwenye nguzo ya uzio. Akatuambia tukitaka kumtuza mbwa tumpe kipande cha boga la kuchemsha, au kinyama kisicho na chumvi wala kitunguu, na mifupa ya kuku aliyepikwa tuitupe shimoni. Nikamuuliza kwa nini zabibu, kitu kitamu namna ile. Akakuna kichwa, akasema hata yeye hajui vizuri. Mpaka leo sijaelewa.

"Ngojeni mkojo," akasema. "Akikojoa, figo zimeamka."

Tulingoja siku tatu. Zabibu zilichumwa nusu nusu, kila mtu shingo imegeukia kwa mbwa. Mzee alikaa kwenye pengo la uzio, akafukuza tumbili yeye mwenyewe, na tumbili hawakumheshimu.

Siku ya nne akaja Masinga kutoa pole, bila habari kwamba ndiye mshtakiwa. Kizibo akajikokota, akamfikia, akainua mguu kwa shida, akamkojolea suruali. Mzee Ndahani akamrukia Masinga, akamkumbatia, akawa analia na kumwomba radhi. Masinga alisimama tu, amelowa, akituuliza kwa macho amekosa nini.

Sasa, Mboje, umeelewa. Mkia wa mbwa haujui sumu. Hiyo chokoleti iliyobaki ilete huku kwa bibi yako. Mimi sina mkia.